Kitasa Nilichomfungia Baba

Barua zenu nimezisoma. Yule aliyeandika kwamba mtu anayemfungia baba yake ndani hastahili hata kufuga kuku, nimemsoma mara mbili. Asome na ya leo, huenda akapata la kuongezea.

Kwa asiyekuwa nasi wiki zilizopita, mambo yalianza hivi. Mimi ni fundi wa vitasa na kufuli, mwanamke wa miaka hamsini na moja, sina mume, nina karakana ya kuingia watu watatu wakibanana. Ufundi alinifundisha baba. Sasa baba ana ugonjwa wa kusahau. Mama akili yake ni nzima, ila miguu haimbebi tena na presha hupanda kwa habari ndogo tu.

Kaka yangu mkubwa ni mkuu wa shule. Hata walimu wake humwita Ratiba, naye anajua, tena anapenda. Alituita kikao, akapiga mstari katikati ya karatasi: mama kwake, baba kwangu. Mimi naishi ghorofa ya tatu, mama hawezi ngazi. Kwa kaka ni chini, lakini wifi alishasema hawezi kulala nyumba moja na mzee anayefungulia gesi akasahau kuiwasha. Nyumba ya wazee wenyewe ikafungwa, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuhamia.

Watu walioishi pamoja miaka hamsini na mitano tuliwagawana kwa dakika arobaini, chai haijapoa. Na mimi nilikubali. Nilisema, "Sawa kaka, umefikiria vizuri." Hayo ndiyo maneno yangu, sitamsukumia mtu mwingine.

Basi, baba akawa kwangu.

Tabu ya kumtunza fundi wa vitasa ni kwamba huwezi kumfungia kitasa. Baba amesahau jina langu, anasahau kama amekula, lakini vidole vyake havijasahau kitu. Wiki ya kwanza alifungua mlango wangu kwa pini ya nywele. Nikabadilisha kitasa. Akafungua kwa waya alioung'oa kwenye mwavuli. Nikabadilisha tena, akafungua kwa mkia wa kijiko huku anapiga mluzi. Nilikasirika, na papo hapo nikaona fahari, Mungu anisamehe, maana kile cha tatu hata mimi kingenitoa jasho.

Alikuwa anatoka kumtafuta mama. Kila siku swali lake ni moja.

"Chiriku amerudi?"

Chiriku ndiye mama. Alimpa jina hilo ujanani kwa sababu mama hunyamaza akilala tu. Baba mwenyewe ni mtu wa maneno ya kuhesabu.

"Amekwenda sokoni, baba."

"Soko gani hilo lisilofungwa?"

Ningemjibu nini? Kaka alishapiga marufuku wasionane. Alisema mama akimwona baba vile presha itamwondoa, na baba akimwona mama atataka kumfuata. Mama alikuwa anaambiwa baba hajambo, anapumzika. Baba alikuwa anaambiwa sokoni. Tulikuwa tunadanganya pande zote mbili, tena kwa zamu.

Halafu ikaja siku ya jicho. Baba alitoka, akafika mtaa wa tatu, akafungua mlango wa watu asiowajua, akavua viatu, akaketi jikoni kwao akisubiri chai. Mwenye nyumba aliporudi alimpiga mpini wa ufagio kwanza, kuuliza baadaye. Waliponiletea baba, jicho moja lilikuwa limeziba kabisa.

"Chiriku amerudi?" aliniuliza kwa jicho lililobaki.

Siku hiyo nilikwenda karakana nikatengeneza kitasa.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu dhambi yangu imo ndani ya ufundi. Baba alinipa sheria mbili nilipoanza kazi. Ya kwanza: kitasa cha nyumba lazima kifunguke kwa ndani. Aliwahi kumfukuza mteja aliyetaka cha kufungia wafanyakazi wake dukani. Alimwambia, "Nenda kwa mchimba kaburi, mimi natengeneza milango." Ya pili: ufunguo wa mlango wako usiuchonge wa akiba, maana ufunguo wa pili ni mlango wa pili, na mlango wa pili hujui ataupitia nani.

Ile ya kwanza niliivunja. Kitasa changu upande wa ndani hakikuwa na tundu, wala mkono, wala skrubu ya kugusa. Kilikuwa bamba la chuma tupu. Ile ya pili niliishika kama mtoto mtiifu. Ufunguo ukawa mmoja tu, na niliuvaa shingoni.

Iliyostahili kushikwa niliivunja, iliyostahili kuvunjwa nikaishika. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Baba alilipapasa lile bamba siku mbili. Siku ya tatu aliketi kitandani akanitazama.

"Fundi gani ametengeneza hiki?"

"Simjui, baba."

"Hana mzazi huyo," alisema.

Nikaenda kazini.

Sasa tufike Jumamosi.

Ofisi moja ya mawakili ilikuwa imeshindwa kufungua kabati lake la chuma, karani kapoteza ufunguo, na kesi yao ilikuwa inasikilizwa Jumatatu. Kabati la namna ile hufunguliwa kwa sikio. Unaweka shavu kwenye chuma, unazungusha polepole, unasikiliza pini zinavyoanguka. Simu huzimwa. Niliizima saa tatu asubuhi. Nilipoiwasha ilikuwa saa saba na robo, mawakili wanapiga makofi, nami najiona mjuzi wa dunia.

Kaka alikuwa amepiga mara kumi na saba. Chini yake palikuwa na ujumbe wa wifi.

"Wifi tuko mlangoni kwako na mama. Baba yuko ndani hafungui. Uko wapi?"

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka nilipanda ngazi huku mkono uko kifuani nimeushika ule ufunguo.

Wifi alikuwa ghorofa ya pili, amekaa kwenye ngazi, viatu amevishika mkononi. Alinivuta gauni.

"Hajala tangu Alhamisi," alisema. "Amesema hatatia kitu mdomoni mpaka amwone mumewe. Tumembembeleza, kaka yako amemfokea, ikawa kazi bure. Leo asubuhi kaka yako kambeba mgongoni, ngazi zote hizi. Sijawahi kumwona vile."

"Mbona hamkuniambia mapema?"

"Kaka yako alitaka tukushtukize. Alidhani ukijua utamficha baba."

Nilipofika juu nilimkuta kaka amesimama na shati limelowa, tai ameitia mfukoni, begani ana vumbi la mlango wangu. Alijaribu kuuvunja. Mlango ni wa chuma, fremu ni ya chuma, niliifunga mwenyewe. Jirani yangu, msusi, alikuwa ametoa kiti cha plastiki. Mama alikuwa ameketi juu yake, kipaji cha uso amekiegemeza mlangoni.

Miezi miwili sikuwa nimemwona. Amekonda, shingo imebaki mishipa.

"Umemfungia baba kama mhalifu," kaka alianza. "Msusi hana ufunguo. Mwenye jengo hana ufunguo. Moto ungetokea je?"

"Na wewe umemfungia mama kwa maneno. Kuna tofauti gani?"

"Mama yuko kwangu anakula saa sita kamili!"

"Tangu Alhamisi amekula saa sita ipi?"

"Nyamazeni nyote wawili," mama alisema bila kugeuka. "Mnaona naongea na mume wangu."

Hapo ndipo nikaisikia sauti ya baba.

Wasomaji, baba alikuwa hajaniambia maneno kumi mfululizo tangu aletwe kwangu. Siku ile, nyuma ya mlango, alikuwa anazungumza kama kijana aliyevaa shati jipya.

"Baba yako yupo?" aliuliza.

"Ametoka," mama alijibu.

"Na mama yako?"

"Yuko uani. Fundi, hiyo kazi bado tu haijaisha?"

"Haijaisha. Kitasa chenyewe kigumu."

"Jana ulisema hivyohivyo. Juzi pia. Baba anasema fundi mwingine angemaliza kwa saa moja."

"Fundi mwingine angekuwa anatazama kitasa," baba alisema.

Mama alicheka. Aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika, mwanamke wa miaka sabini na minne. Nilimtazama kaka, kaka akatazama ukuta.

Hadithi hiyo tunaijua tangu utoto. Baba alikuwa mwanagenzi, akatumwa nyumbani kwa kina mama kutengeneza kitasa cha stoo. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu. Siku ya nne babu alimuuliza kama amekuja kwa ajili ya kitasa au kwa ajili ya binti, na baba kwa uoga akasema kitasa. Ilibidi arudi wiki iliyofuata kusema ukweli.

Sasa alikuwa amerudi kwenye siku zile. Kila kitu kilimkubalia: kitasa kipo, hakifunguki, na sauti ya binti iko upande wa pili. Nilisikia mkia wa kijiko unakwaruza bamba langu.

"Saa tatu zote wako hivi," msusi aliniambia kwa sauti ya chini. "Mimi nimeacha mteja na nusu kichwa nikawa nasikiliza."

Nilivua ufunguo shingoni. Mama aliona kwa pembe ya jicho. Akanishika mkono.

"Usifungue."

"Mama?"

"Usifungue, mwanangu. Niache hapa."

"Mama, umeshinda njaa siku mbili ili umwone."

"Nilitaka anijue." Alisema polepole, kidole chake kinanisugua mkono. "Nyuma ya mlango ananijua. Niache niongee naye mpaka nichoke, halafu kaka yako anirudishe. Wiki ijayo aje anilete tena. Kiti hiki kinanitosha."

Kaka akaingilia kati. "Mama, hiyo haiwezekani. Utakaa kwenye ngazi za watu kila wiki? Fungua, wewe, mwanga uingie, wakae kitandani kama watu."

Na ndani baba akasema, "Chiriku, hiki chuma kimenikata."

"Unaona?" kaka alisema. "Anaumia. Fungua."

"Kidole hicho," mama alisema. "Fundi haogopi kidole. Mwanangu, nimekuomba."

Nitawaambia ukweli, maana bila ukweli barua hizi hazina kazi. Nilifungua, lakini si kwa sababu ya kidole. Wala sikufungua kwa sababu kaka aliamuru, kaka ameniamuru miaka yote na nimejifunza kumwacha aseme. Nilifungua kwa sababu nilitaka kuwaona wanakumbatiana, na mimi niwe ndiye niliyefungua. Niliwagawa. Nilimfungia mmoja. Nilitaka angalau kitu kimoja chema kitoke mkononi mwangu, na watu waone.

Nilitoa mkono wangu kwenye mkono wa mama. Nikatia ufunguo, nikazungusha.

Baba alikuwa amesimama kizingitini, kijiko mkononi, kidole kinavuja damu kidogo, uso umejaa furaha. Furaha hiyo ilimpita mama juu ya kichwa, ikamtafuta yule binti kwenye korido, ikamtafuta kwenye ngazi.

Kisha akamwona mama kwenye kiti.

Alishtuka. Alificha kijiko nyuma, akasimama wima, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama alimkazia macho.

"Shikamoo," baba alirudia, kwa adabu zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika. "Nilikuwa natengeneza kitasa tu. Binti yako alikuwa ananisaidia kushika taa. Hatukuwa na neno baya."

Nilielewa kabla ya kaka. Alimdhania ni bibi, mama yake mama. Binti wa upande wa pili alikuwa na miaka kumi na tisa, na huyu kwenye kiti alikuwa mama mkwe aliyewafumania.

"Baba," nilisema, "huyu ni Chiriku."

Alinitazama mimi kwa aibu, kisha akamtazama mama kwa huruma, kana kwamba nimemtania mtu mzima.

"Usifanye hivyo, dada," aliniambia. "Mama wa watu huyu."

Mama alivuta pumzi. Aliweka mikono yote miwili kwenye magoti yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Endelea na kazi."

"Ahsante, mama."

"Funga mlango," mama aliniambia.

"Mama, nisamehe. Mpe dakika moja, pengine—"

"Ufunge nilivyokuomba usiufungue."

Nikaufunga. Chuma kikalia. Baba hakupinga, alirudi nyuma mwenyewe kumpisha mlango, kijana mwenye adabu zake.

Kaka alikuwa ameketi sakafuni. Ratiba, mtu ambaye haketi mpaka atandikiwe, alikuwa ameketi kwenye vumbi la korido na mikono kichwani. "Sikujua," alikuwa anasema. "Sikujua, sikujua." Msusi aliingia kwake akafunga mlango taratibu. Hapakuwa na cha kutazama tena.

Mama aliegemeza kipaji cha uso palepale pa mwanzo. Akasubiri.

Baada ya muda, sauti ikaja, ya kunong'ona, imeshuka hadi usawa wa kitasa.

"Chiriku. Mama yako ameondoka?"

Mama alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Chiriku?"

Mama alijaribu tena. Ilitoka hewa tu. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni, naye hayafuti, anajaribu kusema neno moja jepesi kwa mume wake na neno halipatikani.

Ndani, kijiko kilianguka sakafuni.

"Chiriku, amekupiga? Chiriku!" Akaanza kupiga mlango. Kwanza kwa kiganja, halafu kwa ngumi, halafu kwa kitu kizito zaidi ambacho nilikijua ni bega lake, bega la mtu wa miaka sabini na tisa kwenye chuma nilichokifunga mwenyewe. "Mama, usimpige! Kosa ni langu! Chiriku, nijibu!"

"Mama, mjibu," kaka alisema.

Mama alitikisa kichwa. Hakuweza.

Bega likagonga tena. Nilisikia baba anaguna kwa maumivu.

Sauti yangu na ya mama ni moja. Kwenye simu hata mama mdogo hutuchanganya, huanza kunisimulia ya mgongo wake nusu saa nzima kabla sijamwambia ni mimi. Sikufikiri. Au nilifikiri, na ndiyo mbaya zaidi. Nilipiga magoti kando ya kiti cha mama, nikaweka mdomo mlangoni.

"Ameondoka," nilisema. "Tulia. Hakunipiga."

Bega likaacha kugonga.

"Kweli?"

"Kweli. Amerudi uani. Ameuliza tu kazi itaisha lini."

Nyuma ya mlango baba alicheka. Kicheko kilekile. Hakikupungua hata chembe, kilikuwa kile alichomchekea mama saa tatu nzima.

"Mwambie kitasa kigumu," alisema.

Niligeuka kumtazama mama, nikidhani atafurahi kwamba ametulia. Nilidhani hivyo kweli.

Mama alikuwa ameuondoa uso wake mlangoni. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemkuta amevaa nguo yako. Halikuwa jicho la hasira. Hasira ningeijua pa kuiweka.

"Basi hata sauti," alisema. Neno lilikuwa limerudi, lakini dogo. "Nilikuwa nimebakiwa na sauti."

"Mama, alikuwa anajiumiza."

"Najua." Akamgeukia kaka. "Niteremshe."

"Mama, pumzika kwanza, mke wangu akuletee hata chai," kaka alisema.

"Sitaki chai. Niteremshe."

Kaka alimweka mgongoni. Mikono ya mama ilimzunguka shingo, miguu yake ikaning'inia haina kazi. Nilitaka kumshika mguu, nikaogopa. Wakaanza kushuka, ngazi moja, ngazi ya pili, kaka anahema, na kile kiti cha plastiki kimebaki mbele yangu na joto lake.

"Chiriku," baba aliita. "Bado upo?"

Kwenye ngazi ya nne mama alimpiga kaka begani asimame. Hakugeuka. Alikuwa anasikiliza.

"Chiriku? Nakusubiri wewe tu. Sema kama bado upo."